Fundi wa kanga wa Michenzani: gauni langu la doti mbili

Mafundi wanaoshona kanga ni wengi. Wanaojua kuikata ni wachache, na bibi mmoja wa nyuma ya majumba ya Michenzani, Unguja, ni mmoja wao. Hela ya ufundi alinitoza Sh 45,000 bila kitambaa. Ni bei inayomshtua mtu aliyezoea kushonewa gauni kwa elfu ishirini, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu nilipata nini na kipi hakikunifurahisha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Dodoma. Unguja si kwetu, naipenda tu, na mapenzi yenyewe yalianzia Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe yao ya mwaka mpya. Watu wengi huenda kule kutazama wanaume wakichapana kwa migomba na kile kibanda cha makuti kikichomwa moto. Mimi niliwatazama wanawake. Walikuwa wanapita kwa makundi wakiimba, kila kundi na kanga yake, moja imefungwa kiunoni na ya pili imetandwa kichwani, pindo limelala sawasawa juu ya kifundo cha mguu kama limepigwa rula. Ukiwa nyuma yao unasoma. Jina la kanga linatembea mbele yako wala halina haraka. Nilirudi bara nikiwa na hamu ya gauni lenye tabia ile, gauni la kuvaa kazini na harusini ambalo mtu akiliona anaona kanga.

Ugumu wake wengi hawaujui mpaka nguo iharibike. Kitenge unapimiwa, maua yanajirudia mwanzo hadi mwisho, fundi anaweza kukigeuza atakavyo na hakuna kitakachopotea. Kanga ni nguo iliyokwisha kupangwa. Ina upana wa kama mita moja na nusu na kimo cha mita moja na kidogo, ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lake kwenye kisanduku karibu na pindo la chini. Ina juu na chini. Ukiikata kama kitenge unaivunja. Fundi mmoja wa huku kwetu alinishonea ya kwanza kwa mtindo huo huo wa kitenge: neno likagawanyika, nusu kwapani, nusu mgongoni, na kipande cha pindo kikakaa bega moja kama kiraka. Mshono wenyewe ulikuwa imara kabisa. Gauni halikuvalika.

Kuna wazee wanaosema kanga haifai kutiwa mkasi, kanga ni ya kujifunga basi. Nawaheshimu, lakini kanga yenyewe imezaliwa na sindano. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walikuwa wakinunua leso za kuchapwa, wakichukua sita na kuziunga, tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana. Wafanyabiashara walipoona inapendwa, wakaanza kuagiza nguo nzima iliyochapwa kwa mpango ule, na mpaka leo watu wa Mombasa wanaiita leso. Kwa hiyo kushona hakuna ubaya. Ubaya ni kushona bila kuangalia kilichochorwa.

Nguo nilinunua Darajani, Sh 14,000 kwa doti. Maduka yanafuatana na ukiingia la kwanza usinunue, tembea. Mwombe muuzaji akufungulie doti yote, usichague kwa kuangalia kona iliyokunjwa rafuni. Ikunje katikati mwenyewe utazame kama pindo la kushoto linalingana na la kulia, kwa sababu nyingine zimechapwa upande, na kwenye kanga ya kujifunga huoni, ila kwenye gauni utaona kila siku. Shika kitambaa. Kanga ya pamba mpya ni ngumu kwa wanga, lakini ukiifikicha inalainika mkononi; ile yenye nailoni inateleza na itakuchemsha mwili saa sita mchana. Mwenye kuishi Mombasa hana haja ya kuvuka maji kutafuta kitambaa, anao Mtaa wa Biashara, na kule kuna watu wa Kaderdina Hajee Essak ambao biashara yao ni ya tangu 1887, wale wa chapa ya Mali ya Abdulla.

Halafu soma jina. Nasisitiza kwa sababu nimeona mtu ananunua kwa rangi tu, kisha anaingia ukweni na HASIDI HANA SABABU kwenye magoti. Kanga ya kujifunga unaweza kuikunja jina likajificha. Kwenye gauni, maneno uliyoyashonea utayasema kwa kila anayekutazama mpaka nguo ichakae. Mimi nilichukua WEMA HAUOZI, nyekundu iliyoiva na nyeupe, mji wake una korosho moja kubwa katikati na korosho ndogo ndogo kuizunguka.

Bibi hana kibao. Anafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango wazi, cherehani ya miguu imewekwa pale mwanga unapoingia. Shoga yangu wa Kikwajuni ndiye aliyenipeleka. Nilipiga hodi, nikamwamkia, nikamkabidhi doti moja. Akaipapasa tu.

“Mwanangu, hii ishafuliwa?”

“Bado bibi, nimeinunua sasa hivi hapo Darajani.”

“Basi kaifue. Sikati kanga yenye wanga. Nikiikata leo, ukija kuifua gauni halikuingii, na hutosema ni maji, utasema ni fundi.”

Nikamwomba anipime angalau. Akanipima, akaandika kwenye daftari la shule, akaniuliza nataka refu kiasi gani. Nikamwonyesha kifundo cha mguu. Akasema doti moja haitoshi, nikanunue ya pili iliyo sawa na hii. Nilidhani anataka kubakiza kitambaa, maana mafundi tunawajua. Hesabu yake aliniwekea wazi hapo hapo: sketi inayofika chini inakula kimo chote cha kanga, mbele moja na nyuma moja, na juu ya hapo hakuna kinachobaki cha kutosha kifua. Wanaoshona kwa doti moja, alisema, ama wanakufupishia gauni, ama wanachukua kifua kwenye mji wa sketi na kuunga vipande.

Kwa hiyo nikafua. Aliniagiza niziloweke usiku kucha kwenye maji baridi yenye chumvi, kila doti na beseni lake. Nyekundu ilitoka kidogo kwenye maji ya kwanza, ya pili yakawa karibu meupe. Zilipokauka zilikuwa zimerudi ndani kwa vidole kadhaa, na hapo ndipo nilipomwelewa.

Siku ya kukata aliniruhusu nikae nitazame, na kwangu hiyo peke yake ilikuwa nusu ya thamani ya pesa yangu. Alipiga pasi kanga zote nne. Akatandika mkeka safi, akaitandaza ya kwanza, akaikunja kona kwa kona, akaivutavuta mpaka mistari ya pindo ikalaliana. Mkasi bado uko kwenye kikapu. Alirudia hivyo kwa kila moja. Ya tatu haikulaliana: pindo la kushoto lilikuwa pana kuliko la kulia kwa kama upana wa kidole. Macho yangu hayakuiona dukani pamoja na kuikunja kwangu kote. Hakulalamika. “Hii itakuwa ya nyuma,” alisema, “na huu ubovu utaingia kwenye mshono wa ubavuni.” Ukiniangalia leo huwezi kuujua uko wapi.

Alichora kwa kipande cha sabuni ya kufulia kilichokwisha kuwa chembamba kama wembe. Sketi aliipima kutoka chini kwenda juu, kinyume cha mafundi wote niliowahi kuwaona, kwa sababu kwake pindo la chini haliguswi. Chochote kitakachozidi kitolewe juu. Akaacha sentimita 96. Lile pindo la juu lililokatwa hakulitupa. Ni ukanda mrefu wa mita moja na nusu, na alikuwa na kanda mbili kama huo: mmoja ukawa mkanda wa kiunoni, mwingine ukaenda kwenye ncha za mikono. Ndiyo maana gauni langu lina pindo chini, pindo kiunoni na pindo kwenye mikono, na yote yanatoka kwenye kanga zile zile za sketi.

Kifua alikikata kwenye kanga moja ya doti ya pili. Korosho kubwa aliiweka katikati ya kifua changu, akapima mara ya pili kutoka kila bega, akasogeza sabuni kidogo, akapima tena. Nyuma akachukua zile korosho ndogo. Jina la kanga ile lilibaki zima kwenye kipande cha chini, na alikikunja akanirudishia pamoja na vipande vyote vilivyobaki ndani ya mfuko. Kanga ya nne hakuigusa isipokuwa kuipinda ncha. “Hii utajitanda,” alisema. Kwa hiyo nina gauni na mtandio wake, kama wale wa Makunduchi walivyokuwa na mbili mbili.

Marinda ndipo alipozidi kunishangaza. Sketi ina mzunguko wa karibu mita tatu na kiuno changu ni cha kawaida, kwa hiyo kitambaa kinachotakiwa kukusanywa ni kingi. Fundi wa kawaida angekusanya kote sawa. Yeye aliyasukumia marinda yote pembeni, kuanzia karibu na nyonga kwenda ubavuni, mbele na nyuma akaacha pamelala. Sababu ni jina. Marinda yangeanzia katikati, mikunjo ingeshuka mpaka chini na kumeza herufi, ukabaki na WE na OZI. Sasa nikisimama, WEMA HAUOZI inasomeka yote, mbele na nyuma.

Ushonaji nao ni wa mtu asiyetaka kazi imrudie. Kwanza alipiga bandi, mshono wa muda wa kujaribia, gauni lote kwa uzi mweupe, akaniita nikajaribu, ndipo akalipeleka kwenye cherehani. Mishono ya ndani ameikunja mara mbili na kuifungia, hakuna uzi unaoning'inia wala haikuhitaji ovaloki. Kifua kina bitana ya bafta, nyepesi, ya pamba. Nilikuwa nimemwomba satini, akakataa kwa upole kwamba kwa joto la pwani satini itanishika mwilini, na kweli. Sketi haina bitana, unavaa na gaguro. Upindo wa chini ameushona wote kwa mkono, mita tatu nzima, kwa uzi wa rangi ya pindo, vishono vidogo ambavyo kwa nje unavipata kwa kutafuta. Angepitisha cherehani pale angekuwa amechora mstari juu ya pindo. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo niliyoilipia.

Nililivaa mara ya kwanza kwenye sendofu ya binti wa dada yangu, Morogoro. Nilikaa, nikacheza, nikabeba watoto, halikupanda wala halikukaza mgongoni. Mama mmoja wa makamo alinifuata kutoka meza nyingine, hakunisalimia hata, akainama akashika pindo la chini akaligeuza kuangalia ndani. Alipomaliza akaniamkua vizuri na kuniomba namba ya fundi. Tangu hapo nimelifua mara nyingi, kwa mkono, kwa maji baridi, kivulini, limegeuzwa nje ndani. Rangi imepungua kidogo sana, na nyeupe imebaki nyeupe.

Sasa yale yasiyonifurahisha. Muda kwanza. Aliniambia Ijumaa, Ijumaa ikapita, na kila nilipompigia simu ilikuwa haipokelewi au inapokelewa na mjukuu anayesema bibi yuko Jang'ombe kwenye arusi. Mtu anayetoka Dar kwa boti na kulala hoteli atateseka. Kama huna ndugu au rafiki Unguja wa kukuchukulia nguo, usimpelekee kitu unachokihitaji kwa tarehe maalumu. Nauli ya boti kwenda na kurudi nayo ni pesa, na hilo lihesabu mapema.

Zipu pia. Aliweka ya plastiki nene mgongoni, nyeupe, na kwa kazi nzuri kiasi kile ilinikera. Nimeshabadilisha huku kwa fundi wa jirani, nikaweka nyembamba inayojificha. Ukienda kwake nunua zipu yako mwenyewe pale pale Darajani, umpe. Na mikono: anaikata kwa kubana kuanzia kiwiko, ndiyo mkato wake, na mwenye mkono mnene amwambie mapema wakati wa kupimwa, maana baada ya bandi hafungui kwa furaha.

Jambo la mwisho sijui kama ni kasoro. Hashoni mishono ya mitandaoni. Nilikuwa na picha kwenye simu, gauni lililobana kama soksi lenye mkia, la kanga. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza, “Jina liko wapi hapa?” Nikalitafuta sikuliona. Akanirudishia simu. Anayetaka mshono wa kubana na mabega ya kusimama aende kwa mafundi vijana, wapo hodari Unguja na Dar, tena kwa kitenge watamtoa vizuri zaidi yake. Bibi ana mikato yake michache na ndani ya hiyo sijaona wa kumshinda.

Kwa jumla gauni limenigharimu Sh 28,000 za kanga, Sh 45,000 za ufundi, na elfu chache za bafta, uzi na zipu. Kwa pesa hiyo unapata madera mawili matatu ya dukani, na madera ni mazuri, nayavaa nyumbani. Ila dera la dukani limechapwa kwa ajili ya kila mtu, wakati gauni hili limepimwa bega kwa bega ili korosho ikae kifuani pangu. Kwa mtu anayevaa kanga kwa sababu anaipenda, ningesema lipa. Kwa anayetaka tu kitu chenye rangi za pwani avae siku moja, asijisumbue.

Ukiamua kwenda, zifue kanga kabisa kabla hujampelekea, utaokoa safari. Peleka doti mbili zinazofanana. Vaa gaguro utakalolivalia gauni, apime juu yake. Na angalia kalenda: Shaabani ikishaanza hapokei kazi mpya, kwa sababu mtaa mzima unashonesha nguo za Idd kwake na amechoka kugombana na watu usiku wa kuamkia sikukuu. Yangu ya pili, ya kisutu, kanga ya bibi arusi, kwa ajili ya mdogo wangu anayeolewa, ameniambia niilete Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ikiwa imefuliwa.